Pombe, Miraa, Bangi na Mambo ya Chumbani

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo ya afya yaliyoandaliwa kwa wakazi wa Sosiot na vijiji vya Belgut. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.



Mwanamume huingia katika zahanati akisema kichwa kinamuuma au mgongo umemshika. Huulizwa maswali mawili matatu, hupewa dawa, husimama. Akifika mlangoni hushika kitasa, hugeuka na kusema kwa sauti ya chini: "Daktari, kuna jambo lingine." Wahudumu wa afya wanaujua sana huo mgeuko wa mlangoni. Mara nyingi jambo lingine ndilo lililomtoa nyumbani, na kichwa kilikuwa kisingizio tu.

Mazungumzo haya yanahusu hilo jambo lingine, na hasa upande wake ambao hautajwi hata mlangoni: kwamba kile mtu anachokunywa, anachotafuna au anachovuta kinaingia katika mapenzi yake, katika uwezo wake, katika uamuzi wake na wakati mwingine katika kesi yake mahakamani.

Katika jamii ya Wakipsigis mambo haya yalikuwa na mahali pake. Kijana alifundishwa akiwa menjo, na waliomfundisha walikuwa watu wazima waliojulikana. Busaa nayo ilikuwa na mahali pake. Wazee waliizunguka kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, na kijana hakuwa na kiti pale. Hii haina maana kwamba zamani hapakuwa na walevi. Walikuwapo. Tofauti ni kwamba siku hizi kijana hukutana na pombe kabla hajakutana na mwalimu, na mafundisho ya chumbani anayapata kwenye simu, kutoka kwa watu wanaolipwa kuigiza.

Ni vizuri kwanza kujua ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka wa 2022 NACADA ilifanya utafiti wa kitaifa miongoni mwa Wakenya wa miaka 15 hadi 65. Ilibainika kwamba mmoja kati ya sita, yaani watu zaidi ya milioni 4.7, alikuwa akitumia angalau aina moja ya kileo au dawa ya kulevya. Pombe iliongoza kwa watumiaji karibu milioni 3.2. Tumbaku ilifuata kwa milioni 2.3, kisha miraa na muguka kwa watu karibu 965,000, na bangi kwa watu karibu 519,000. Idadi ya watumiaji wa bangi ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 90 katika muda wa miaka mitano. Kwa hiyo anayesikia maneno "dawa za kulevya" akawaza kokeini na filamu za ng'ambo, amekosea njia. Dawa ya kulevya iliyo karibu zaidi na chumba cha kulala hapa Sosiot huuzwa kwa kikombe, na wengi hawaihesabu kuwa dawa ya kulevya hata kidogo.

Basi pombe ije kwanza, na ichukue nafasi kubwa, maana ndiyo yenye mambo mengi.

Sehemu ya kwanza ya mwili ambayo pombe huigusa ni ubongo, na ndani ya ubongo huanza na breki. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayomwambia mtu ngoja, fikiri, huyu ni mke wa jirani, kondomu iko wapi. Glasi ya kwanza na ya pili huilegeza sehemu hiyo. Mtu mwenye haya hupata maneno, mtu mwoga hupata ujasiri, na kila mmoja huonekana mzuri zaidi ya alivyoonekana saa kumi na moja jioni. Ndiyo maana watu husema pombe huleta hamu. Kwa kweli haileti hamu mpya. Inaondoa mlinzi aliyekuwa langoni.

Tatizo ni kwamba pombe haiishii kwenye breki. Ili mwanamume asimame, neva zinapaswa kupeleka ujumbe kutoka kwenye ubongo, mishipa ya uume ifunguke, damu iingie kwa wingi na izuiwe isitoke. Pombe hupunguza kasi ya ujumbe huo, na nyingi zaidi huukata kabisa. Matokeo yake yanajulikana na kila aliyewahi kurudi nyumbani usiku akiwa na nia kubwa na mwili usiosikia. Kwa usiku mmoja hilo si ugonjwa. Asubuhi mambo hurudi. Lakini anayekunywa sana kwa miaka huziharibu neva zenyewe. Homoni ya kiume hupungua, korodani husinyaa, na ini lililochoka hushindwa kuondoa homoni ya kike ambayo kila mwanamume anayo kidogo mwilini. Ndipo mtu huanza kuota matiti na kupoteza hamu. Watu kijijini humcheka wakidhani amenenepa.

Mwanamke naye ana yake, ingawa hayazungumzwi. Pombe inaweza kumfanya ajisikie yuko tayari huku mwili wake ukiwa haujawa tayari. Ute hupungua na kufika kileleni huchelewa. Pasipo na ute kuna michubuko, na michubuko hufungua njia kwa virusi na bakteria. Tena mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji machache kuliko wa mwanamume, hivyo kikombe kilekile humlevya zaidi. Aliye mjamzito asinywe kabisa, wala busaa ya "kuongeza damu" wala kidogo cha kuonja. Hakuna kiwango cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni.

Hapa kuna mduara ambao unafaa kuelezwa polepole. Mwanamume hunywa, anashindwa, anaona aibu. Siku ya pili huingia chumbani akiwa na hofu ya kushindwa tena, na hofu pekee inatosha kumshindisha hata akiwa hajaonja kitu. Anakunywa ili kuondoa hofu. Anashindwa. Kisha rafiki wa stejini humwambia kuhusu kidonge cha buluu cha kwenye kemisti, au unga wa kwenye karatasi unaoitwa vumbi la Kongo.

Kidonge hicho, sildenafili, ni dawa nzuri kwa mgonjwa aliyepimwa. Hakileti hamu, hakiponyi neva zilizochomwa na pombe, na hakimfanyi kijana mzima wa miaka 22 kuwa mzima zaidi. Kazi yake ni kufungua mishipa ya damu, na kwa hiyo hushusha presha. Kikichanganywa na pombe nyingi mtu anaweza kuona kizunguzungu na kuanguka. Kikichanganywa na dawa fulani za moyo, zile zinazoitwa naitreti ambazo baadhi ya wazee humeza kwa maumivu ya kifua, kinaweza kuua. Uume ukisimama kwa zaidi ya saa nne bila kulala, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo. Anayengoja kukuche anaweza kupoteza uwezo huo maisha yake yote. Kuhusu unga wa mitishamba, wakaguzi wa dawa katika nchi nyingi wamepima poda na vidonge vinavyouzwa kama "asilia" na kukuta vimetiwa sildenafili ileile bila kuandikwa popote, tena kwa kipimo kisichojulikana. Mnunuzi hulipia mizizi akameza kidonge.

Kuna sababu nyingine ya kwenda kupimwa badala ya kununua kimyakimya. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo mara nyingi huonyesha dalili mapema. Mwanamume wa miaka 45 anayeanza kushindwa anaweza kuwa na kisukari au presha ambayo haijamuumiza popote pengine. Aliyenunua kidonge amenyamazisha kengele.

Hadi hapa ni mambo ya mwili. Tabia ndiyo inayoleta hasara kubwa zaidi.

Katika nchi ya majani chai pesa haziji kidogo kidogo. Mkulima mdogo hulipwa kila mwezi kwa kilo alizopeleka, lakini pesa za maana huja mara moja, bonasi inapotoka, kwa kawaida kuelekea mwezi wa Oktoba. Wachumaji wa mashambani wana tarehe yao ya mshahara. Siku hizo kila mwenye kuuza kitu anazijua, na mwenye kuuza pombe anazijua zaidi. Wageni huingia mjini, vyumba vya kulala wageni hujaa, na watu ambao mwezi mzima walikuwa waangalifu hufanya katika usiku mmoja mambo ambayo hawakuyapanga. Kondomu huachwa mfukoni, au huvaliwa ikiwa imegeuzwa, au hupasuka kwa sababu imepakwa mafuta ya kujipaka, ambayo hula mpira wake. Mwanamke anayemeza vidonge vya kupanga uzazi akavitapika saa moja baadaye kwa sababu ya ulevi ni kama hakuvimeza, na lazima ameze kingine.

Eneo hili lina historia yake katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa KEMRI na mradi wa Walter Reed mjini Kericho waliwapima virusi vya UKIMWI watu zaidi ya 2,800 waliokuwa wakiishi na kufanya kazi katika shamba kubwa la majani chai, pamoja na watu wa familia zao. Takriban 14 kati ya kila 100 walipatikana na virusi. Miongoni mwa wanawake walikuwa takriban 19 kwa kila 100, na miongoni mwa wanaume takriban 11. Wakati huo kiwango cha kitaifa kilikuwa karibu 7. Pombe peke yake haikuleta tofauti hiyo, na si haki kuwatupia wachumaji lawama. Mtu anayelala mbali na mwenzi wake miezi kadhaa, katika nyumba za kambi, ana upweke ambao si kosa lake. Lakini mahali penye upweke, pesa za mara moja na kilabu hatua chache kutoka mlangoni, virusi havihitaji msaada mwingine. Tangu wakati huo kiwango cha kitaifa kimeshuka, na utafiti wa 2018 ulikipata kuwa 4.9 kwa kila watu wazima 100. Kupimwa na kumeza dawa kumesaidia kupunguza maambukizi.

Na hapo kuna kosa moja ambalo limewaumiza watu wengi. Mtu anayetumia ARV akienda kunywa, huacha dawa siku hiyo kwa kuamini kwamba dawa na pombe zikikutana tumboni huwa sumu. Siyo hivyo. Pombe nyingi inaliumiza ini na haifai, lakini kuacha dawa kunaumiza zaidi, kwa sababu virusi hupata nafasi ya kuongezeka na kuizoea dawa. Aliyekunywa ameze dawa yake kwa saa yake. Kisha siku ya kliniki amwambie mhudumu ukweli kuhusu unywaji wake. Anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono, na hili ni jambo lililothibitishwa. Asiye na virusi lakini anajijua kwamba wikendi humshinda, anaweza kuomba PrEP, kidonge cha kinga kinachotolewa bure katika vituo vya umma nchini tangu 2017.

Sasa miraa na muguka. Mwezi Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga muguka marufuku, suala likafika mahakamani Embu na hadi Ikulu, na nchi nzima ikabishana kuhusu ushuru, wakulima na mamlaka ya magavana. Mambo ya chumbani hayakupata nafasi kubwa katika ubishi huo, ingawa wake wa watafunaji wangekuwa na mengi ya kusema.

Miraa ya Meru na muguka wa Embu ni mmea mmoja. Ndani ya jani bichi kuna kathinoni, kemikali inayoamsha ubongo na kubana mishipa ya damu. Kathinoni huisha nguvu jani linaponyauka, ndiyo maana gari la miraa halisimami njiani. Mtafunaji wa mwanzo husema hamu imepanda, na huenda ni kweli. Lakini mishipa iliyobanwa haiingizi damu vizuri, na wapo watafunaji wa muda mrefu wanaolalamika kwamba shahawa hutoka zenyewe bila kusimama na bila raha yoyote, kisha baadaye nguvu zenyewe hupungua. Zaidi ya hayo kuna usingizi. Homoni ya kiume hutengenezwa kwa wingi mtu akiwa amelala. Mwendesha bodaboda anayetafuna hadi saa tisa usiku na kuamka saa kumi na moja kuwahi abiria wa asubuhi, ameuza usingizi huo. Na ili apate hata hizo saa mbili, wengi hunywa chang'aa "kuvunja stimu". Hapo amepanda gari lenye mguu mmoja kwenye mafuta na mwingine kwenye breki. Miraa humficha kwamba amelewa, hivyo hunywa zaidi, na maamuzi ya usiku huo yanafanywa na mtu anayedhani yuko macho.

Bangi ina sifa ya kuwa "majani tu". Chai pia ni majani, na hapa kila mtu anajua kwamba majani yana kazi mwilini. Mwaka wa 2015 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya vijana 1,215 wenye afya njema. Wale waliovuta bangi zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na mbegu za kiume pungufu kwa asilimia 28 kwa kila kipimo cha shahawa, wakilinganishwa na wenzao. Utafiti mmoja haumalizi jambo, na si kila mvutaji hukosa mtoto. Lakini wanandoa waliokaa miaka miwili bila mimba, huku mke akipelekwa kwa waganga watatu, wangefanya vyema kuuliza pia mume anavuta nini. Mara nyingi mwanamke ndiye hupimwa, hutukanwa na hata hurudishwa kwao kabla mwanamume hajatoa kipimo kimoja.

Siku hizi bangi huokwa pia ndani ya biskuti na keki. Ikivutwa hufanya kazi kwa dakika chache, lakini ikiliwa inaweza kuchukua saa moja au zaidi. Kijana hula kipande, huona hakuna kitu, huongeza cha pili na cha tatu, na vyote humshukia kwa pamoja. Msichana aliyepewa biskuti hiyo kwenye sherehe bila kuambiwa ina nini, huo si mzaha. Suala hilo litarudiwa hivi punde.

Sigara na ugoro zipitiwe haraka: tumbaku hubana na kuchakaza mishipa midogo ya damu, na uume umejaa mishipa hiyo. Heroini, ambayo huko Mombasa, Malindi na Lamu huitwa unga, haijawa tatizo kubwa la vijiji hivi, lakini vijana wa hapa huenda Pwani na Nairobi kutafuta kazi. Wanaojidunga kwa kushiriki sindano wamo katika hatari kubwa sana. Uchunguzi uliofanywa nchini mwanzoni mwa muongo uliopita uliwakuta takriban 18 kati ya kila 100 wakiwa na virusi vya UKIMWI. Aliyerudi nyumbani na historia hiyo asifichwe. Yapo matibabu ya methadoni, na yeye pamoja na mwenzi wake wanahitaji kupimwa, pia homa ya ini.

Sasa suala la ridhaa, ambalo wazee wengi hapa watalikuta halijawahi kuelezwa hadharani.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema kwamba mtu amekubali pale tu anapokubali kwa hiari, akiwa na uhuru na uwezo wa kufanya uamuzi huo. Neno uwezo ni zito. Mtu aliyelala hana uwezo. Aliyezimika kwa pombe hana uwezo. Msichana asiyeweza kusimama, asiyejua yuko nyumba ya nani, hana uwezo, hata kama saa tatu mapema alikuwa akicheka na kijana huyohuyo, hata kama alinunuliwa vinywaji vyote, na hata kama ni mpenzi wake wa mwaka mzima. Aliye chini ya miaka 18 hawezi kukubali kisheria awe mlevi au asiwe. Na kwa upande wa pili, mwanamume hawezi kusimama mbele ya hakimu akasema tu, "Nilikuwa nimelewa." Kwa kawaida ulevi wa kujitakia haumwondolei mtu kosa.

Kuna pia ile inayoitwa mchele mitaani, yaani dawa ya kulaza inayotiwa katika kinywaji cha mtu. Watu huizungumzia kama hila ya wezi wa baa wanaotaka simu na pochi. Lakini ikitiwa kwa nia ya kumlegeza mtu ili aingiliwe, kifungu cha 27 cha sheria hiyo kinaweka kifungo kisichopungua miaka 10, na kosa hilo limekamilika hata kama tendo lenyewe halikufanyika. Sheria inataja "kitu", haisemi lazima kiwe kidonge. Rafiki anayemwongezea msichana pombe kali ndani ya soda bila yeye kujua, au anayemlisha ile biskuti, akiwa na nia hiyo, yuko ndani ya kifungu hicho.

Yeyote aliyetendewa hivyo, mwanamke au mwanamume, aende hospitali kwanza. Hahitaji kupitia kituo cha polisi ndipo atibiwe, na matibabu hayo katika hospitali ya umma ni bure. Asioge, asifue nguo. Nguo alizovaa ziwekwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na kuozesha ushahidi. Dawa za PEP za kuzuia virusi vya UKIMWI hufanya kazi zikianzishwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi, kisha humezwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi saa 120. Aombe pia mkojo na damu vipimwe, maana baadhi ya dawa za kulaza hutoweka mwilini kwa siku moja tu. Mhudumu atajaza fomu ya PRC, na hiyo ndiyo itakayosema mahakamani wakati kumbukumbu za mtu zimekatika. Simu ya bure ya 1195 hupokea taarifa za ukatili wa aina hii mchana na usiku. Mara nyingi aliyeumizwa akiwa amelewa hanyamazi kwa kukosa njia. Hunyamaza kwa sababu anajua swali la kwanza la nyumbani litakuwa: "Na wewe ulikuwa unakunywa nini huko?" Saa 72 huishia katika swali hilo.

Kuna watoto pia ambao hawanywi na bado wako hatarini. Chang'aa ya vijijini huuzwa majumbani, na mara nyingi muuzaji ni mama anayetafuta karo. Hakuna anayeweza kumdharau kwa kutafuta karo. Lakini anayezungusha vikombe saa mbili usiku ni binti yake wa shule, na wateja ni wanaume ambao breki zao zimeondoka. Mama yuko jikoni. Baadhi ya mimba za shule zinazowashangaza watu huanzia kwenye benchi hilo. Kama biashara hiyo haijaachwa leo, basi walau mtoto asikae mahali hapo hata dakika moja.

Leseni za vileo ni kazi ya serikali za kaunti chini ya Katiba ya 2010, na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka huohuo inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shuleni. Mkazi ana haki ya kupinga leseni kabla haijatolewa. Pingamizi linahitaji barua yenye sababu. Kulalamika kando ya barabara hakuandikwi popote.

Anayetaka kuacha apige 1192, nambari ya NACADA ya bure, au azungumze na mhudumu wa afya ya jamii anayepita kijijini kwake. Mnywaji wa kila siku, yule ambaye mikono hutetemeka asubuhi hadi aonje, asiache ghafla akiwa peke yake. Anaweza kupata degedege na kufa. Aanze hospitalini. Na katika chumba cha daktari kila mtu ataje anachotumia bila kuzunguka, maana daktari anayejua kwamba mgonjwa hutafuna na kunywa hatamwandikia dawa ileile ambayo angemwandikia asiyetumia. Mazungumzo hayo ni siri ya matibabu. Hayapelekwi kwa chifu.

Limebaki swali ambalo wanaume huliuliza wakiwa wameshika kitasa cha mlango: mtu akiacha, nguvu hurudi? Kwa wengi, ndiyo, hasa kama neva hazijaharibika sana na ini bado lina uhai. Hamu na usingizi huweza kuanza kurejea baada ya wiki chache. Mbegu za kiume huchukua muda zaidi, kwa sababu mwili hutumia takriban siku 70 hivi kutengeneza mpya tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo anayeacha wiki hii na kupimwa wiki ijayo atapewa majibu ya mtu wa zamani. Arudi baada ya miezi mitatu, na aje na mke wake.